Karatasi za Ukoo Zikiishia Njiani: Mwongozo wa Kuwatafuta Mababu wa Ireland

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Tumefika hadi kwa bibi aliyezaliwa Ireland, halafu basi. Wanasema kila kitu kiliungua. Tufanyeje?" Wanaouliza ni Watanzania waliooa Dublin, Wakenya wa Boston ambao watoto wao wana jina la ukoo la Kiairishi, na vijana wa London wanaotafuta cheti cha babu mzaa mama, kwa kuwa babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa kile humpa mjukuu haki ya kuomba uraia wa Ireland. Mimi nilianza kwa ajili ya wanangu. Upande wangu, shangazi zangu huwahesabia ukoo hadi babu wa saba bila kushika karatasi. Upande wa baba yao tulikuwa na vyeti vya vizazi vitatu, kisha kimya. Kimya kile kiliniuma, nikakaa chini kujifunza.

Nitakuambia mapema jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Babu yako aliyepanda meli aliacha alama chache sana Ireland, kwa sababu aliondoka. Atakayekupa majibu ni ndugu yake aliyebaki: kaka aliyerithi shamba, dada aliyeolewa parokia ya jirani, shangazi aliyezeeka akaomba pensheni. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zinamtafuta huyo.

Kuhusu ule moto

Tarehe 30 Juni 1922, siku ya tatu ya mapigano yaliyofungua vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, ililipuka na kuteketea. Zikapotea sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 isipokuwa vipande, wosia nyingi za asili, na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Sasa yaliyosalimika. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilikuwa ofisi nyingine. Madaftari ya Wakatoliki yalikuwa parokiani kwao. Hati za ardhi za Registry of Deeds, zinazoanzia 1708, zilikuwa jengo jingine. Sensa za 1901 na 1911 zipo nzima. Anayekuambia hakuna kilichobaki hajatafuta.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la mhamiaji na kila namna lilivyowahi kuandikwa.
- Mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukisia. Ruhusu tofauti ya miaka 10 kila upande.
- Dini yake. Usipoijua utapekua madaftari yasiyo yake.
- Jina la mwenzi wake, na la ndugu yake hata mmoja. Hili ndilo muhimu kuliko yote.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu nne: nini umepata, wapi, tarehe uliyotafuta, na nini ulitafuta usipate. Safu ya mwisho itakuokoa usirudie kazi ileile baada ya miezi sita.
- Pesa kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ni bure. Usilipe tovuti yoyote kabla ya kumaliza za bure.

Na kabla ya kompyuta, nenda kwa wazee. Kaa nao, uliza juu ya barua, picha, kadi za misa ya marehemu, jina la kijiji hata kama wanalitamka vibaya. Liandike kama wanavyolitamka. Mzee hangoji uwe na nafasi.

Hatua ya 1: Maliza nchi aliyohamia kabla ya kuvuka bahari

Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anajua babu alitoka "Cork". Anafungua tovuti ya Ireland, anamkuta mwenye jina lile na umri unaokaribia, anafurahi, anampandisha kwenye mti wa ukoo. Cork peke yake ilikuwa na akina John Sullivan wasiohesabika. Umechukua babu wa watu, na kila utakachojenga juu yake ni cha watu.

Unachotafuta katika hatua hii ni kimoja tu: jina la mahali dogo kuliko kaunti. Pekua haya:

- Jiwe la kaburi. Waairishi wengi wa ughaibuni walichonga kaunti na parokia ya kwao juu ya kaburi. Tazama na makaburi ya ndugu zake.
- Daftari la ndoa la kanisa alikohamia. Baadhi ya mapadri waliandika parokia walikotoka maharusi, hata pale cheti cha serikali kilipoandika "Ireland" tu.
- Kwa Marekani, faili la uraia. Yale ya kabla ya Septemba 1906 hayasemi mengi. Ya baada ya hapo yana mahali na tarehe ya kuzaliwa. Orodha za abiria za kuanzia 1907 zinataja ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani na anakoishi. Hilo ni jina la aliyebaki, umepewa mkononi.
- Kwa New York, vitabu vya Emigrant Savings Bank, benki iliyoanzishwa 1850. Ili kumtambua mteja, karani aliandika alikozaliwa, wazazi wake, ndugu zake, mara nyingi na meli aliyokuja nayo.
- Gazeti la Boston Pilot, lililochapisha matangazo ya kutafuta ndugu waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921. Mengi yanataja parokia, na mengine hata kitongoji.
- Kwa Australia, cheti cha kifo cha jimbo la Victoria. Kina majina ya wazazi wote wawili na mahali pa kuzaliwa.
- Kwa askari wa jeshi la Uingereza, karatasi za kuachishwa kazi zilizoko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew, London. Zinataja parokia na kaunti ya kuzaliwa.

Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza na Ireland zimehifadhiwa kuanzia 1890 tu. Aliyeondoka wakati wa njaa kuu ya viazi, miaka ya 1845 hadi 1852, mtafute kwenye bandari aliyofikia.

Hatua ya 2: Pata kitongoji

Ireland imegawanyika kwa namna ambayo sisi tuliokulia penye kata, kijiji na kitongoji tunaielewa upesi. Kuna kaunti 32, chini yake tarafa za kale, chini yake parokia, na chini kabisa kipande cha ardhi ambacho kwenye fomu utakiona kimeandikwa "Townland". Mimi nakiita kitongoji. Viko zaidi ya 60,000. Vingine vina nyumba mbili, vingine hamna mtu kabisa leo. Shamba, kodi, sensa na cheti cha kifo, vyote vinafungwa na jina hilo.

Andika jina ulilolipata kwenye logainm.ie, hifadhi rasmi ya majina ya mahali, ambayo hukupa tahajia ya Kiingereza na ya Kiairishi pamoja na ramani. Kama familia ilikuwa ikilitamka tu, jaribu sauti zinazokaribiana. Jina la Kiairishi lililosikiwa na karani Mwingereza, kisha likaandikwa na padri wa Chicago, limepita mikono mingi.

Tahadhari mbili. Jina moja la kitongoji hujirudia katika kaunti nyingi, kwa hiyo kitongoji bila kaunti hakijakusaidia. Pili, parokia za kiserikali zilizotumika kwenye ardhi si zile za Kanisa Katoliki. Mipaka haifanani, na mara nyingi majina pia hayafanani. Andika zote mbili kwenye jedwali lako.

Hatua ya 3: Ligeuze jina kila upande

Jina la ukoo la Kiairishi huvaa na kuvua. Herufi O' na Mc ziliachwa na wengi, zikarudishwa na wajukuu. Sullivan na O'Sullivan ni jina moja. Mengine yalitafsiriwa: Mac Gabhann maana yake ni mwana wa mhunzi, kwa hiyo familia moja inaweza kuwa McGowan mwaka huu na Smith mwaka kesho. Katika sensa ya 1911 baadhi ya familia zilijaza fomu kwa Kiairishi, na Sullivan akawa Ó Súilleabháin, mke wake akaandikwa Uí na binti yake Ní.

Majina ya kwanza nayo yana wenzake. Bridget ni Biddy, Delia au Bedelia. Honora ni Nora au Hanora. Jeremiah ni Darby. Timothy ni Thady. Katika madaftari ya Kilatini James anakuwa Jacobus na William anakuwa Gulielmus. Tengeneza orodha ya namna zote za majina yako mawili matatu, uibandike karibu na skrini.

Hatua ya 4: Mtafute aliyebaki kwenye vyeti vya serikali

Uandikishaji wa ndoa zisizo za Kikatoliki ulianza 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote vikaanza kuandikishwa 1 Januari 1864. Picha za madaftari ziko bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75, vifo vya zaidi ya miaka 50. Kwa kaunti sita za Ireland Kaskazini, matukio ya kuanzia 1922 yako ofisi ya vyeti ya Belfast, nayo hulipisha kwa kila picha.

"Lakini babu yangu aliondoka 1850," utasema. Ndiyo, ila dada yake mdogo aliolewa 1866, na cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Hapo umempata baba wa babu yako kupitia karatasi ambayo haimtaji babu yako hata kidogo. Kaka yake akifa 1889, cheti kinataja aliyekuwepo wakati wa kufa. Mara nyingi ni mwana au mkaza mwana, na anwani yake ni kitongoji.

Tahadhari: cheti cha kifo cha Ireland cha wakati ule hakitaji wazazi wala mahali pa kuzaliwa. Waliozoea vyeti vya Marekani hukingoja kipengele hicho bure. Cheti cha ndoa nacho hutaja akina baba tu. Jina la mama la kabla ya kuolewa utalipata kwenye cheti cha kuzaliwa, basi tafuta vizazi vya ndugu wadogo waliozaliwa baada ya 1864 hata kama hawakuhusu moja kwa moja.

Hatua ya 5: Sensa mbili na fomu za pensheni

Sensa za 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911 zinasomeka bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nationalarchives.ie. Tafuta kwa kitongoji badala ya jina, kisha soma nyumba zote za kitongoji kile. Zote. Ni dakika ishirini, na utamaliza ukiwajua majirani watakaokusaidia mbele. Ile ya 1911 ina safu ninayoipenda sana: kila mwanamke aliye kwenye ndoa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Ukikuta 11 wamezaliwa na 7 wako hai, unajua unatafuta ubatizo mara 11.

Usishangae mtu akiwa na miaka 55 mwaka 1901 na 70 mwaka 1911. Sheria ya pensheni ya wazee ilipita 1908, malipo yakaanza 1909, na sharti lilikuwa kutimiza miaka 70. Wengi hawakuwa na cheti, na wengi hawakujua umri wao kwa hakika.

Na hapo ndipo pana hazina ambayo wanaoanza karibu wote huipita. Ili kuthibitisha umri, waombaji waliomba makarani wapekue sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo hazijaungua bado. Fomu za upekuzi huo zilibaki, na ziko mtandaoni katika Hifadhi ya Taifa. Zinataja majina ya wazazi, mara nyingi na jina la mama la kabla ya kuolewa, na kitongoji walichoishi mwaka ule. Kwa hiyo, bibi kizee wa miaka 70 aliyeomba shilingi chache mwaka 1910 anaweza kukupa familia nzima ya 1841, wakati babu yako alikuwa mtoto mle ndani. Watafute ndugu wote wa mhamiaji kwenye fomu hizo, kwa kila tahajia.

Hatua ya 6: Madaftari ya parokia

Picha za madaftari ya Kikatoliki, hadi kama 1880, ziko bure kwenye registers.nli.ie ya Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu Julai 2015. Ni picha tupu. Hazina sehemu ya kutafuta kwa jina. Faharasa zake ziko kwenye tovuti nyingine, baadhi kwa malipo. Ukipata jina kwenye faharasa, rudi kila mara kwenye picha usome kwa macho yako, maana waliotengeneza faharasa nao walikosea kusoma mwandiko.

Kwenye ubatizo, usiishie kwa baba na mama. Andika wasimamizi wa ubatizo wa kila mtoto. Kwa kawaida walikuwa kaka, dada, shemeji. Msimamizi mwenye jina la ukoo sawa na la mama huenda ni mjomba au mama mdogo, na ubatizo wake yeye ndio utakaofungua mlango wa kizazi kinachofuata.

Ndoa zilifungwa kwa kawaida parokia ya bibi harusi. Kwa Wakatoliki, ndoa hazikufungwa kirahisi wakati wa Kwaresima, hivyo wiki za kabla yake hujaa harusi, anza na hizo. Mazishi ya Wakatoliki hayakuandikwa mara nyingi, usipoteze siku ukiyatafuta.

Tahadhari kubwa: angalia daftari linaanza mwaka gani. Parokia nyingi za magharibi zinaanza miaka ya 1820 hadi 1850. Kama babu alizaliwa 1815 na daftari linaanza 1832, yeye hayumo. Aliyemo ni mwingine wa jina lake.

Hatua ya 7: Fuata ardhi

Vyeti vikiisha, shamba linaendelea kusema. Hii ndiyo hatua inayotofautisha anayeanza na aliyezoea, nami naomba uipe muda.

Anza na Griffith's Valuation, uthamini wa ardhi uliochapishwa kaunti moja baada ya nyingine kati ya 1847 na 1864. Uko bure kwenye askaboutireland.ie, pamoja na ramani. Unamtaja mkuu wa kila kaya, aliyemkodisha ardhi, ukubwa wa shamba na thamani yake kwa mwaka. Mke na watoto hawamo. Ila tazama mambo matatu. Kwanza, penye watu wawili wa jina moja katika kitongoji kimoja, karani aliongeza jina la baba au jina la utani kuwatofautisha, na ukibahatika umepewa kizazi kizima kwa neno moja. Pili, watu watatu au wanne wakiwa chini ya namba moja ya ramani, walikuwa wakilima kwa pamoja, na mara nyingi ni wa ukoo mmoja. Tatu, safu ya "Immediate Lessors" inakupa jina la mwenye ardhi. Litunze.

Ramani za mtandaoni zilichorwa upya baadaye, kwa hiyo namba za mashamba wakati mwingine hazilingani na za kitabu. Ukiona hivyo, usihitimishe kwamba umekosea kitongoji.

Kutoka hapo, nenda mbele. Uthamini ule ulisahihishwa kila baada ya muda hadi miaka ya 1970, na kwa kaskazini hadi miaka ya 1930. Karani alikata jina la zamani, akaandika jipya na mwaka pembeni, kwa wino wa rangi tofauti. Vitabu vya kaunti sita za kaskazini viko bure kwenye tovuti ya PRONI, hifadhi ya Belfast. Vya kaunti nyingine 26 vinatunzwa Dublin, na unaweza kuagiza nakala. Shamba likihama kutoka Daniel kwenda Mary mwaka 1878, tafuta kifo cha Daniel mwaka huo au miaka michache kabla, kwa kuwa familia hazikukimbilia kubadilisha jina. Likihama kutoka Mary kwenda kwa mtu wa ukoo mwingine, tafuta ndoa ya binti. Hivi ndivyo unavyomfuata aliyebaki hadi kwa mtu anayelima shamba lile leo, ambaye huenda ni ndugu yako wa damu.

Kisha rudi nyuma. Vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837 viko bure katika Hifadhi ya Taifa. Wakulima wa dini zote walitozwa zaka kwa ajili ya Kanisa la Ireland, Wakatoliki wakiwemo, na uchungu wa dhuluma ile umetuachia majina yao. Miji haimo, wala vibarua wasio na shamba. Ukilinganisha ukubwa wa shamba na ule wa Griffith, kumbuka kwamba vitabu vingi vya zaka vilitumia ekari ya Kiairishi, ambayo ni mara 1.62 ya ile ya Kiingereza. Watu hudhani shamba lilikua.

Mwisho, lile jina la mwenye ardhi. Tafuta karatasi za milki yake: orodha za kodi, mikataba, barua za wapangaji. Nyingi ziko Maktaba ya Taifa, Dublin, au PRONI. Nyingine zimepotea. Zikipatikana, baadhi zinafika miaka ya 1700, na kwa mkulima maskini Mkatoliki karibu hakuna njia nyingine ya kufika huko.

Hatua ya 8: DNA, kwa mpango

DNA bila majina ya mahali ni orodha ya wageni. Ukiwa na kitongoji, ni jambo jingine. Mpime mzee kuliko wote aliye hai katika tawi lile, kwa ridhaa yake kamili na baada ya kumweleza kwamba siri za familia zinaweza kufichuka. Vitukuu wawili wa mababu wamoja hulingana bila shaka. Kwa vilembwe, kama 1 kati ya 10 hawaonyeshi kulingana hata kama ni ndugu kweli. Basi kukosekana kwa jina lako kwenye orodha ya mtu mmoja hakukanushi undugu. Pima wawili watatu.

Unapoona waliolingana, usimwandikie kila mtu. Wapange kwa makundi ya wanaolingana wao kwa wao, kisha tazama ni kundi gani lina mababu wa parokia yako. Waandikie hao, kwa adabu na kwa kifupi, ukitaja kitongoji kwenye sentensi ya kwanza.

Hatua ya 9: Kumbukumbu ambazo hakuna anayezifikiria

Leseni za mbwa, zilizoanza 1866: jina, kitongoji, rangi ya mbwa. Madaftari ya mahakama ndogo, ambako utamkuta mzee wako ametozwa faini kwa punda aliyezurura barabarani. Madaftari ya magereza, yenye urefu wa mtu na alikozaliwa. Nyumba za maskini. Shule za taifa, zilizoanza 1831. Faharasa za wosia, zilizosalia hata pale wosia yenyewe ilipoungua. Na virtualtreasury.ie, mradi uliozinduliwa Juni 2022 ukiongozwa na Trinity College Dublin, unaokusanya nakala zilizokuwa zimetawanyika kwingine ili kujenga upya kile kilichoteketea Four Courts. Rudi huko kila baada ya miezi michache, kwa kuwa vitu vinaongezwa.

Ukikwama

*Najua kaunti tu.* Chukua jina la ukoo la mume na la mke, uone kwenye Griffith ni parokia zipi zina majina yote mawili kwa wingi. Anza na hizo. Kama jina moja ni la nadra, lifuate hilo na uliache la kawaida.

*Nina watu watatu wa jina moja, parokia moja.* Usimchague unayempenda. Mpe kila mmoja ukurasa wake: ndoa, watoto, shamba, kifo. Atakayekutwa amezikwa kwao hakuhamia Marekani. Endelea kuondoa hadi abaki mmoja, na wakibaki wawili, andika wawili.

*Mtoto amebatizwa kabla ya kuzaliwa.* Aliyechelewa kuandikisha kizazi alitozwa faini, kwa hiyo wazazi waliisogeza tarehe mbele. Shika ya ubatizo.

*Sensa haina familia yangu.* Tafuta kwa jina la kwanza, umri na kaunti bila jina la ukoo, au soma kitongoji chote. Jaribu na tahajia ya Kiairishi.

*Walikuwa Waanglikana na daftari lao liliungua.* Uliza maktaba ya Kanisa la Ireland iliyoko Dublin, inayoitwa RCB Library, kama kuna nakala au madondoo. Wapresbiteri wa kaskazini watafute PRONI. Waquaker walitunza kumbukumbu vizuri tangu karne ya 17.

*Watoto wamepewa majina ya babu na bibi; je, niyategemee?* Desturi ilikuwapo: mwana wa kwanza jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, binti wa kwanza jina la mama wa mama. Itumie kujua utafute nani. Usiiandike kama ushahidi.

*Nimefika 1800 na hakuna kitu.* Kwa wapangaji Wakatoliki, wengi huishia hapo au karibu yake. Acha nafasi wazi kwenye mti, uandike ulichokwisha kupekua. Usiijaze kwa mti wa mtu mwingine ulioukuta mtandaoni bila chanzo. Kosa moja lililonakiliwa na watu hamsini bado ni kosa moja.

*Nimemaliza yote ya mtandaoni.* Maktaba ya Taifa iliyoko Kildare Street na Hifadhi ya Taifa iliyoko Bishop Street, Dublin, zote zina washauri wa nasaba wanaosaidia bure. Wako pia wanaojitolea wa Ireland Reaching Out, waliopangwa parokia kwa parokia. Ukiwaandikia, weka jina la kitongoji, majina ya wazazi, miaka, na swali moja. Barua ya kurasa nne husomwa nusu.

Na ukipata nafasi ya kwenda mwenyewe, chapisha ramani ya Griffith ya kitongoji kile, nenda na nakala ya picha za zamani, ubishe hodi nyumba iliyo karibu na shamba kabla ya kukanyaga majani. Watakuuliza kwanza wewe ni wa akina nani. Sehemu kama Cork ya magharibi, ambako nusu ya parokia ni Sullivan, jina la ukoo halitawaambia kitu. Kila tawi lina jina lake la utani linalotembea kwa mdomo. Wataje babu, baba yake, na shamba. Mwenyeji atakaa kidogo akifikiri, kisha atakuambia tawi lenu linaitwaje. Liandike palepale, kwa tahajia atakayokupa yeye.